Tutenganishe adabu na adhabu

Mjadala kuhusu namna ya kuwarudi watoto haujapata kutulia katika nchi hii. Tangu mwaka 2010, Kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya kinamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Pamoja na hayo, mzazi wa Lugulu, sawa na mwenzake wa Bungoma au Kitale, angali ana fimbo yake juu ya kabati, na akiulizwa hujibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wanasheria wamekwisha kutoa hoja zao, nao wahubiri wametoa zao. Swali ambalo aghalabu hatulijadili ni hili: mtoto mdogo mwenyewe, wa miaka mitatu hadi sita, huhisi nini anaporudiwa na mzazi wake?

Kama mwanaisimu, naomba nianze na maneno. Kiswahili kina adabu na kina adhabu. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kila moja lina mzizi wake. Adabu ni mwenendo mwema na malezi. Adhabu ni mateso. Kwa kuwa matamshi yake yanakaribiana, na wengi wetu huku bara tunaitamka dh kama d, maneno haya yamekaribiana hata katika fikra. Mtu husema "nitamtia adabu" akimaanisha kwamba atampiga. Tumefika mahali pa kudhani kuwa moja huzaa la pili.

Sasa tumtazame mtoto. Mtoto wa miaka mitatu hana msamiati wa kueleza hofu, fedheha au uchungu wa kukataliwa. Kilio chake ndiyo sentensi yake. Nasi hufanya nini? Tunampiga, kisha tunamwamuru, "Nyamaza! Ukilia nitakuongeza!" Kwa amri hiyo tunampokonya lugha pekee aliyo nayo. Anapomeza kilio chake na kuinamisha kichwa, tunajipongeza kwamba amesikia. Huenda hakusikia lolote, kwani akili iliyojaa hofu huwa na kazi ya kutafuta usalama, wala haina nafasi ya kupokea mafunzo. Kinachobaki ni kumbukumbu ya uso wa mzazi na sauti yake, huku sababu ya kuchapwa ikiwa imekwisha kusahaulika.

Kimya cha mtoto kina maana nyingi. Chaweza kuwa majuto, yaani kutambua kwamba tendo lake lilimwumiza mwingine. Chaweza pia kuwa aibu, yaani kujiona kwamba yeye mwenyewe ni mbaya. Majuto humsukuma mtoto kurekebisha kosa; aibu humsukuma kujificha na kusema uongo. Mzazi asiyezungumza na mwanawe hawezi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomnyamazisha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya Wazungu, na kwamba Mwafrika amezoea kiboko. Hoja hii ilipata kupimwa. Mwaka 2005, Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti uliohusu akina mama na watoto 336 katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Nyingine zilikuwa Uchina, India, Italia, Ufilipino na Thailand. Waligundua kwamba pale ambapo kuchapwa ni jambo la kawaida, uhusiano wake na ukali na wasiwasi wa mtoto ulikuwa hafifu zaidi, lakini haukutoweka. Mazoea yanapunguza makali, hayaondoi jeraha.

Utafiti mwingine wa nchi hizo hizo, uliochapishwa mwaka 2010, unapaswa kutushtua sisi tunaojisifu kwamba hatushiki fimbo. Ulionyesha kuwa kumfokea mtoto kulihusiana na ukali wake, na kumwaibisha kulihusiana na wasiwasi wake. Watoto wa utafiti huo walikuwa wa miaka minane hadi kumi na miwili, na uhusiano si ithibati ya chanzo. Hata hivyo, ikiwa mtoto mkubwa huyumbishwa na maneno, sembuse mdogo? Anayeitwa "mjinga" kila siku haambiwi alichokosea; anaambiwa yeye ni nani.

Je, tuwaache watoto wajiendee? La hasha. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini methali hiyo inataja kukunja, haitaji kuvunja. Hata ile ya mchelea mwana kulia haitaji fimbo. Mtoto hulia anapoachishwa ziwa, anaponyimwa kisu alichokishika, anapokatazwa kuvuka barabara. Mzazi asiogope kilio cha namna hiyo, ila asikifanye kilio kuwa ndilo lengo lake.

Wabukusu walikuwa na ngao yao. Mtoto aliyerudiwa na wazazi alikimbilia kwa kukhu, bibi yake, ambaye alimpokea, akamtuliza, akamweleza kosa lake kwa hadithi. Leo familia nyingi zimo katika vyumba vya kupanga mjini, na kukhu amebaki kijijini. Mama aliyechoka kwa kazi ya kutwa ndiye mlezi, hakimu na mfariji. Tusimlaumu bila kumsaidia. Mambo matatu hayahitaji fedha: kumweleza mtoto kosa lake kwa maneno machache anayoyaelewa, kushikilia kanuni ile ile leo na kesho, na kupatana naye kabla hajalala.

Kwenu walimu, viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Nyinyi ndio wa kwanza kumwona mtoto anayejikunyata mkono wa mtu mzima unapoinuka, hata ukiinuka kufuta ubao. Mwiteni mzazi wake mzungumze naye kwa upole, kwani naye yamkini alilelewa hivyo hivyo. Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, jifunzeni kusikiliza kilio kabla ya kukizima.