Spika Bapa na Ukuta wa Nyuma

Watu wengi wapendao muziki hudhani ya kuwa sauti nzuri hununuliwa dukani tu, na ya kuwa mwenye fedha kidogo hana budi kuridhika na sauti mbaya. Dhana hiyo ina ukweli kidogo na makosa mengi. Makosa yake huonekana wazi zaidi katika zile spika nyembamba kama ubao, ziitwazo spika bapa. Chombo kile kile, kwa bei ile ile, chaweza kusikika kama bati lililogongwa, au kama mwimbaji aliyeketi mbele ya msikilizaji. Na mara nyingi tofauti yake ni mahali kilipowekwa.

Na utolewe mfano wa mwalimu mstaafu akaaye Port Victoria, karibu na mahali mto Nzoia unapoingia ziwani. Mwalimu huyu amezihifadhi santuri zake tangu ujana, na katika hizo azipendazo zaidi ni za Shirati Jazz ya D. O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006. Kwa akiba ya miezi mingi anunua Kisumu jozi ya spika bapa zilizokwisha tumika, pamoja na amplifaya ndogo, naye azileta nyumbani kwa matatu, amezipakata kama mtoto mchanga. Kwa kuwa sebule yake si kubwa, aziegemeza ukutani kama mtu aegemezavyo picha, kisha aweka santuri.

Gitaa la mbele lasikika safi kuliko alivyopata kulisikia. Sauti ya mwimbaji nayo yasikika. Lakini gitaa la besi, ambalo katika benga ndilo miguu ya wimbo, halipo. Mwalimu aongeza sauti. Yaja kelele, besi haiji. Usiku ule jirani atuma mtoto kuuliza kama kuna msiba. Asubuhi mwalimu aanza kufikiri ni nani atakayezinunua spika zake, na kwa hasara gani.

Yafaa asiuze kwanza. Hakudanganywa, wala spika hazikuharibika. Ila amezitendea kama spika za sanduku, nazo si za sanduku.

Spika ya kawaida ni sanduku la mbao lenye koni mbele. Koni isukumapo hewa mbele, huivuta pia hewa ya nyuma. Lakini sauti ile ya nyuma imefungiwa sandukuni, haiwezi kutoka kuisumbua ya mbele. Spika bapa haina sanduku. Utando wake mpana hutetemeka wote, nao hutoa sauti mbele na nyuma sawasawa. Watu wa kando ya ziwa wanaweza kuelewa jambo hili kwa kuitazama nyatiti. Nyuzi zake nane hupigwa kwa vidole, lakini sauti huikuzwa na ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya bakuli la mti. Ngozi hiyo ikitolewa katika bakuli na kutundikwa hewani ingelia bado, lakini kwa sauti nyembamba. Spika bapa ni ngozi isiyo na bakuli.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1957 Mwingereza Peter Walker alianza kuuza spika bapa za kampuni yake ya Quad, zilizotumia utando mwembamba mno uliovutwa na kusukumwa kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1969 Mmarekani Jim Winey alianzisha kampuni ya Magnepan, ambayo spika zake hutumia utando wenye nyaya na sumaku. Katika miaka ya 1990 ikaja namna ya tatu kutoka Uingereza: ubao mwepesi na mgumu unaotetemeshwa na kitetemeshi kidogo kilichogundishwa nyuma yake. Hii ya tatu ndiyo iliyo rahisi kwa bei, hata mtu aweza kujitengenezea.

Kwa upande wa ziwa, masikio ya watu yalilelewa na sanduku. Mwaka 1954, vituo vya redio vya mikoani vilipoanzishwa nchini Kenya, kimoja kiliwekwa Kisumu kwa ajili ya watu wa ziwani. Na redio za siku zile zilikuwa na koni moja ndani ya kabati lake. Kwa hiyo si ajabu mtu akishangazwa na spika isiyo na kabati.

Sasa, besi ya mwalimu imekwenda wapi? Sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu unaozidi mita 8. Wimbi kubwa kama hilo halizuiliwi na ubao wenye upana wa nusu mita. Sauti ya nyuma huzunguka ukingo ikakutana na ile ya mbele; na kwa kuwa moja yasukuma wakati nyingine yavuta, huuana. Sauti za juu zina mawimbi mafupi, hazizunguki hivyo. Ndiyo maana gitaa la mbele lilisikika na la besi likapotea. Ukuta nao huongeza madhara. Sauti ya nyuma ikigonga ukuta ulio karibu sana, hurudi upesi mno hata sikio lisiweze kuitenga na ile ya mbele, na maneno ya mwimbaji huchafuka.

Jambo la kwanza la kutazama ni nyaya, maana halina gharama. Waya mwekundu uende penye alama ya kujumlisha na mweusi penye alama ya kutoa, kwa spika zote mbili sawasawa. Upande mmoja ukigeuzwa, spika moja husukuma ilhali mwenziwe yavuta, na besi kidogo iliyokuwako hufa kabisa. Kujaribu ni rahisi: mtu aketi katikati, asikilize msomaji wa habari au santuri ya zamani iliyorekodiwa kwa njia moja. Sauti ikitoka mahali pamoja kati ya spika mbili, nyaya ni sawa. Ikitanda chumbani isijulikane itokako, zitazamwe tena.

Jambo la pili ni kuziondoa spika ukutani. Mita 1 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Hapo sauti ya nyuma husafiri mita 2 zaidi kabla ya kurudi, nayo huchelewa kiasi cha sehemu 6 za elfu za sekunde. Kuchelewa huko ni kudogo, lakini husaidia sikio kuitambua sauti ya mbele kuwa ndiyo ya asili. Kisha spika mbili na kiti cha msikilizaji vipangwe kama mafiga matatu, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa kadiri iliyo sawa. Spika zielekezwe kidogo kwenye kiti, wala zisiegemee kitu chochote, maana ubao unaoegemea ukuta huzuiwa kutetemeka.

Hapa ndipo penye shida ya kweli, nayo si ya ufundi. Mke wa mwalimu azitazama spika zilizosimama katikati ya sebule, auliza, "Mwalimu, wageni watapita wapi?" Swali lake ni la haki, kwa sababu sebule ni ya nyumba nzima, si ya santuri peke yake. Mwalimu achukua chaki, kifaa alichokizoea, achora sakafuni alama nne ndogo. Mchana spika hukaa ukutani. Jioni, wageni wakiisha kwenda, huvutwa mpaka penye alama. Ni kazi ya dakika moja, na yalinda amani ya nyumba.

Jambo la tatu ni chumba chenyewe. Sakafu ya saruji, kuta tupu na mabati yasiyo na dari hurudisha sauti kama kisima. Mtu apige kofi moja. Akisikia mlio unaofuata, chumba chataka nguo. Mkeka au zulia mbele ya kiti, pazia zito dirishani, na rafu ya vitabu nyuma ya spika, vyote husaidia. Lakini vile vitambaa vya kufuma ambavyo akina mama hupamba navyo makochi visitandazwe juu ya spika, hasa vikiwa vinene, maana hufifisha sauti za juu.

Jambo la nne ni kumtafutia besi mtumishi wake. Mpwa wa mwalimu ana wufa ya zamani ambayo spika zake ndogo zimekufa, ila sanduku kubwa la besi lingali zima. "Mjomba," asema, "hii yangu yakaa bure." Wufa hiyo yaunganishwa na amplifaya, na kirungu chake chawekwa ichukue sauti zilizo chini ya mitetemo kama 100 kwa sekunde, nazo spika bapa zaachiwa zilizobaki. Wufa isiwekwe kwa majivuno. Iongezwe polepole mpaka gitaa la besi lisikike, kisha ipunguzwe kidogo. Ikijulikana mahali ilipo kwa kusikia tu, imezidi.

Kuhusu nguvu, msomaji asikimbilie amplifaya kubwa. Kuongeza nguvu mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Sikio husikia nyongeza ndogo tu. Lililo muhimu ni kusoma nyuma ya spika kama ni ya omu 4 au 8, na kuhakikisha ya kuwa amplifaya yaiweza. Maana spika bapa nyingi ni za omu 4, na amplifaya isiyoziweza hupata moto ikaungua.

Atakaye kujitengenezea achukue plaiwudi ya milimita 3, au bamba la lile povu gumu jeupe lifungiwalo televisheni mpya, agundishe kitetemeshi si katikati kabisa, bali penye sehemu mbili za tano za urefu na za upana, kisha autundike ubao kwa kamba. Kitetemeshi kikiwa katikati, sauti chache hupiga kelele na nyingine hunyamaza.

Mwisho ni utunzaji. Vumbi na visubi vya ziwani hupenda vyombo hivi, basi vifunikwe visipotumika. Tena spika za utando wa umeme, zile ambazo huchomekwa ukutani, zina volti maelfu ndani yake, na nguvu hiyo hubaki hata baada ya kuchomolewa. Asizifungue ila fundi anayezijua.

Jioni ya tatu mwalimu aketi penye figa lake, na santuri ile ile yazunguka. Besi yaingia, si kwa kishindo, bali kama mtu atembeaye katika chumba cha pili. Mkewe atoka jikoni, asimama mlangoni, kitambaa cha vyombo kingali mkononi, asikiliza mpaka upande ule wa santuri waisha. Kisha auliza kama upande wa pili nao ni mzima. Jirani hajatuma mtoto. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Na mwalimu, ambaye hakuwa na fedha za kuchagua jembe, amelima kwa alilo nalo.