KADI IMFUNGE NA TAJIRI PIA



Neno "Kanban" lasikika sasa katika viwanda na karakana. Wakubwa wa kazi hulitaja kama dawa ya kila ugonjwa, na sisi twaambiwa tulifuate tu. Yafaa kwanza tujue maana yake, kwani asiyejua bei hupunjwa sokoni.

Kanban ni neno la Kijapani, maana yake kibao cha ishara. Desturi hii ilianzishwa na Taiichi Ohno katika kiwanda cha magari cha Toyota, karibu mwaka 1953. Alichukua mfano wa maduka makubwa ya Marekani: mnunuzi huchukua atakacho, kisha mwenye duka hujaza pale palipopungua.

Kiwandani ikawa hivi. Kila sanduku la vipuri lina kadi isemayo ni vya aina gani, vingapi, na vyaenda wapi. Fundi wa mbele akianza kulitumia sanduku, kadi hurudishwa kwa fundi wa nyuma. Hiyo ndiyo amri ya kutengeneza vingine, kwa hesabu ile ile. Pasipo kadi, hakuna kutengeneza. Sisi watu wa reli hatushangai. Katika desturi ya zamani ya njia moja, dereva hakuingiza treni mpaka akabidhiwe tokeni, hata mkubwa akiwa na haraka namna gani.

Mgala muue na haki umpe. Jambo hili lina wema. Kazi hairundikani, na kitu kibovu hakipelekwi mbele. Huko Toyota mfanyakazi aonaye kosa huvuta kamba, na kosa lisipotengenezwa upesi kazi husimama.

Lakini matajiri wengi huchukua nusu inayowafaa. Hupunguza mali stoo, kisha hupunguza na watu. Kadi hakuna, lakini nyapara apiga kelele, "Ongeza!" Anayesimamisha kazi kwa ajili ya ubovu huandikiwa barua ya onyo. Hiyo si Kanban. Ni mbio zile zile za zamani, zimevikwa kanzu mpya.

Wala Japani yenyewe si peponi. Mwandishi Satoshi Kamata alifanya kibarua Toyota mwaka 1972, akaandika kitabu juu ya jinsi watu walivyokimbizwa na mtambo. Na tarehe 1 Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha Aisin Seiki, kilichotengeneza kifaa cha breki za magari ya Toyota. Akiba ilikuwa ndogo mno, viwanda vya Toyota vikasimama siku kadhaa. Huko walikosa magari ya kuuza. Katika reli, stoo ikikosa viatu vya breki, ni roho za watu zilizo hatarini.

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Hesabu ya kadi ipangwe pamoja na wafanyakazi, na pasipo kadi hata meneja asilete kazi.

2. Anayesimamisha kazi kwa sababu ya ubovu au hatari asiadhibiwe.

3. Faida itakayopatikana isiwe sababu ya kumfukuza mtu.

Tajiri akiyakubali haya, tutaipokea kadi kwa mikono miwili. Akiyakataa, basi ataka kutufunga sisi kwa sheria ambayo yeye mwenyewe hataki imfunge. Zungumzeni jambo hili katika mikutano ya matawi kabla halijaletwa kwenu kama amri.

Umoja ni nguvu.