Kipimo cha Kuazima: Juu ya Motokari za Zamani za Kisangani

Katika vijitabu vya desturi, sisi wana-Boyoma tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari, mitego ya Wagenia kwenye maporomoko na majina ya mapacha. Safari hii tunaomba nafasi kwa ajili ya kitu chenye motere. Wengine watacheka. Watasema: motokari ilitoka Bulaya, inaingia namna gani katika mila za kwetu? Tunawajibu papo hapo: hata muhogo ulitoka ng'ambo ya bahari, ukaletwa na Wareno, na leo nani atathubutu kusema kwamba pondu si chakula cha wazee wetu? Kitu kinakuwa cha desturi siku watu wanapokishika kwa mikono yao, wakakitengeneza kwa akili yao na kumrithisha mtoto ile akili. Motokari za zamani za mji huu zilishikwa hivyo kwa miaka hamsini na zaidi. Sasa zinakufa, tena si kwa kutu peke yake. Zinauawa na neno moja: orijinali.

Tueleze. Kijana anajifunza kazi kwenye garaje ya mjomba wake. Usiku anafungua simu, anaangalia video za watu wa Ujerumani au Marekani wanaofufua magari ya kale. Anaona Volkswagen Coccinelle, ile ya mgongo wa kobe, imefunguliwa hadi skrubu ya mwisho, imerudishwa sawasawa ilivyotoka kiwandani Wolfsburg: rangi ileile, viti vilevile, namba ya motere inalingana na namba iliyo katika karatasi zake. Asubuhi anaiangalia Coccinelle ya mjomba. Batri ni ya volti 12, kumbe ilizaliwa na volti 6. Karburateri ilitoka kwenye gari nyingine. Mlango wa kushoto ni wa bluu, wa kulia mweupe. Kiti kimeshonwa na fundi viatu. Kijana anatikisa kichwa: "Papa, hii si orijinali. Haina bei." Baada ya majuma mawili watu wa mitraye wanakuja na mizani, wanaikata, wanaipakia, wanalipa kwa kilo. Pistoni na vifuniko vya alumini vinakwenda kwa wale wanaoyeyusha sufuria. Mambo haya tumeyaona Mangobo na Kabondo, lupango baada ya lupango.

Ni nani aliyemfundisha huyu mtoto kwamba gari ya mjomba wake ni ya uongo?

Wazairwa wa zamani tuna haki ya kuliogopa kidogo neno hili. Tuliwahi kuambiwa na serikali tuwe watu wa asilia. Mwaka 1972 tukabadilishiwa majina, tai ikakatazwa, tukavalishwa abakosti. Leo imekuja authenticité ya pili, ya motokari, na hii haikutoka Kinshasa kwa redio. Imeingia mfukoni kwa mfuko, kila mmoja na simu yake, na hakuna hata wa kumpigia makofi.

Tukumbuke basi zile karburateri za kuchanganya zilianzia wapi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi. Hapa Kisangani biashara nyingi zilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno na Wahindi, na kati yao walikuwemo wauza piese. Wengi waliopewa maduka waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu ilipobaki tupu hawakujua wa kumwagizia. Kuanzia 1974 bei ya shaba ikaanguka, fedha za kigeni zikakosekana, na hata aliyejua kuagiza hakuwa na cha kulipia. Ukaja uporaji wa 1991 na wa 1993. Ikaja vita ya 1998: mto ukafungwa, mji ukakatwa na Kinshasa, bidhaa zikaja kwa ndege na bei zake za ndege. Mwezi wa Juni 2000, kwa siku sita, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yakapigana kati ya nyumba zetu. Ndiyo miaka ile toleka, baiskeli ya kubeba watu, ilipotawala barabara. Wazee wa garaje wanasimulia jinsi watu walivyong'oa magurudumu na kuficha delko chini ya kitanda, ili mwenye bunduki akija akute gari isiyoweza kuondoka.

Kwa hiyo ule mlango wa bluu si uchafu. Ni tarehe. Ile karburateri ya kuazima inasema mwaka fulani hapakuwa na nyingine kutoka Matadi mpaka Bunia. Fundi mzee akifungua kofia ya motere anaisoma kama sisi tunavyosoma gazeti: hapa ni kabla ya vita, hapa ni baada, hapa ni mkono wa fulani aliyekufa. Ukirudisha kila kitu kama kilivyokuwa Wolfsburg mwaka 1965, umepata gari nzuri ya Wolfsburg. Ya Kisangani umeitupa.

Tena tuongee juu ya ufundi wenyewe, maana wasomi wenzetu huupita haraka. Coccinelle ilipendwa huku kwa sababu inapozwa kwa hewa. Haina radiatere ya kuchemka njiani Buta. Motere yake iko nyuma, imeshikwa na bulani nne, na watu wawili wanaitoa chini ya mwembe bila mashine ya kuinulia. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka Mexico mwaka 2003. Land Rover ni hadithi nyingine. Ilipozaliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, basi mwili wake ukafanywa wa alumini. Mwili haushiki kutu, lakini shasi ni ya chuma, na kwa mvua yetu isiyokuwa na likizo inaoza kutoka ndani huku nje bado inang'aa. Fundi wa hapa hangojei shimo litokee. Anagonga shasi kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anakuambia imebaki nzima mpaka wapi. Ile sauti haiko katika kitabu chochote. Ataondoa sehemu iliyooza, atachomelea chuma cha kamyo ya Mercedes iliyokufa, na mpira wa kutuliza mtikiso ataukata katika pine kuukuu. Gari itatembea miaka kumi mingine.

(Hatutetei kila kitu. Freni za maji ya sabuni si urithi, ni kifo. Fundi anayezifanya hatumwiti mlinzi wa desturi.)

Sasa kuna shirikisho la dunia la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, mwaka uleule mji wetu ulipoacha jina la Stanleyville. Linasema gari ya kihistoria iwe na umri wa miaka 30 au zaidi, itunzwe katika hali sahihi kwa historia, na isiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Soma tena lile sharti la mwisho. Isitumike kila siku! Gari inayopeleka mgonjwa hospitali Jumatatu, magunia ya mchele Jumanne na bibi arusi Jumamosi, kwa kipimo hicho inatoka nje ya historia. Iliyolala kwenye garaje yenye taa na zulia, ikitolewa mara tatu kwa mwaka, ndiyo urithi. Hatuwalaumu watu wa Bulaya. Wao wana basi na treni, wanaweza kuiacha gari ya babu ipumzike. Tunawalaumu wa kwetu wanaochukua sharti lililopimwa kwa barabara za wengine na kulivalisha Land Rover ya Banalia.

Ajabu ni kwamba hao wakubwa wenyewe wamekwisha kufikiri mbele kuliko wanafunzi wao wa simu. Tangu 1964 Hati ya Venice, iliyoandikwa kwa ajili ya majengo ya kale, inataka michango ya kila kipindi iheshimiwe, na inakataa kwamba lengo la kutengeneza ni kuwa na mtindo mmoja tu. Kanisa lenye ukuta wa karne moja na mnara wa karne nyingine halibomolewi ili lifanane. FIVA nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilitoa Hati ya Torino yenye roho ileile kwa magari. Kwa nini basi mlango wetu wa bluu usipate heshima ya ule mnara?

Watatuambia sisi ni wazee tunaochukia intaneti. Wapi! Intaneti imetuletea vitabu vya warsha ambavyo hapa viliungua au viliporwa. Michoro ya nyaya za umeme ya Peugeot 404 tuliyokuwa tukiitafuta miaka na miaka, leo mtoto wa shule anaipata usiku mmoja kama mtandao uko. Tunashukuru. Ila tuhesabu pia kile isicholeta. Haileti piese. Ukiagiza kutoka Ujerumani, tovuti inataka karti ya benki na anwani ambayo avenyu zetu hazina. Ukipata ndugu wa kulipa, kasha linashuka Matadi, linapanda Kinshasa, kisha kilomita 1734 za mto. Au linapita Mombasa, Uganda, na ile njia ya Ituri mnayoijua. Likifika, bei ya safari imemeza bei ya gari. Ndiyo maana fundi anayeweza kutengeneza kile kipande hapahapa ni mtu wa lazima, na kila siku kijana anapomdharau kwa sababu ya video, mji unajikatia mkono.

Halafu kuna biashara ya upande wa pili. Wapenzi wa magari walio mbali wamegundua kwamba huku kuna taa, saa za dashibodi na alama za mbele ambazo kwao zimekwisha. Wanaandika kwa simu, wanaomba picha. Kijana mmoja aling'oa taa mbili na saa ya gari ya babu yake, akazituma kwa mkono wa msafiri. Malipo hayakuja, na jina la mnunuzi likafutika kwenye simu kama moshi. Gari imebaki bila macho kwenye lupango, na bila macho mitraye wanaipata rahisi. Kwa hiyo magari yetu yanalaumiwa kwa kutokuwa orijinali, na kile kidogo cha orijinali kilichobaki kinang'olewa ili cha mwingine kikamilike.

Jambo la mwisho juu ya intaneti, na hili wasomaji hawajalisahau. Ilikatwa Januari 2015. Ilikatwa tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa karibu siku ishirini. Katika siku zile, fundi aliyejifunza kwa masikio na mikono aliendelea na kazi. Aliyejifunza kwa video aliketi kwenye ngazi ya garaje akingoja serikali.

Wengine wanatutajia Kenya kama mfano. Mfano mzuri, lakini tuutazame wote. Nairobi wana mashindano ya urembo wa magari, Concours d'Elegance, tangu 1970, na tangu 2003 wana Safari Classic ya magari ya kale, ambayo mengi yake yanaletwa kwa meli kutoka Bulaya na dereva wake. Sisi tunapenda zaidi kumkumbuka Joginder Singh. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo PV544 kuukuu, iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari ya mkono wa pili, na mtu aliyejua kuifungua na kuifunga mwenyewe.

Tena kuna wanaosema: watu hawajala, ninyi mnalia juu ya vyuma. Wakaulize hizo pikipiki za Kihindi na Kichina zinazojaa mjini zinatengenezwa na nani. Waliojifunza kusikiliza motere kwenye Bedford na Mercedes ya pua ndio waliowafundisha wanaofungua pikipiki leo. Mnyororo ni mmoja.

Basi tunafanya nini? Hatuombi jengo la makumbusho. Tunajua mwisho wa majengo. Tumefungua daftari. Kila gari yenye miaka 30 na zaidi inaandikwa: aina, mwaka, mwenyewe, na hasa kila kilichobadilishwa, mwaka gani, kwa sababu gani, kwa mkono wa fundi yupi. Ule mlango wa bluu unapata mstari wake. Vijana wenye simu tumewapa kazi: kurekodi sauti za mafundi wakieleza kwa Kiswahili na kwa Lingala namna ya kupima shasi, kukata mpira wa pine, kugeuza volti 6 kuwa 12. Kisha inaandikwa kwenye karatasi, maana karatasi haikatwi Desemba. Wenye malupango tunawaomba neno moja tu: kabla ya kuita mizani, tuiteni sisi, hata kwa saa moja, tuiandike.

Makiso tumekwisha kupita. Mangobo tumefika nusu. Lubunga, ng'ambo ya mto, bado hatujavuka, na tumesikia kwamba karibu na njia ya reli kuna Bedford iliyosimama tangu vita, bado na magurudumu. Mwenye kujua lupango lake atuambie haraka.