Kwa Nini Tunapata Haya ya Kula Mahindi?



Siku moja, saa ya mapumuziko, mutoto mumoja wa mwaka wa kwanza alifungua kopo yake chini ya muembe. Ndani mulikuwa mahindi ya kupikwa nzima, pamoja na maharagi. Wenzake wakaanza kucheka: "Ee, kwenu unga imeisha?" Yule mutoto akafunga kopo na hakukula tena. Alirudi mu darasa na njala, na chakula kizuri kilikuwa ndani ya mufuko wake. Nataka kusema kweli mbele yenu: mimi nilikuwa pale, na mimi pia nilicheka. Ni juu ya kicheko kile ndiyo ninaandika leo.

Sisi watu wa Likasi tunajuana. Mutu anaweza kula viazi, karanga na mahindi ya kuchoma, na mangaribi atasema: "Leo sijakula." Juu ya nini? Juu bukari haikupita. Na bukari yenyewe tunataka iwe nyeupe pee. Wageni wakifika, mama anatuma mutoto mbio kununua unga ya mufuko, juu ile ya kusagwa pamoja na pumba "haina heshima".

Basi tuangalie punje moja ya mahindi. Iko na sehemu tatu. Kuna ngozi ya inje, ndiyo pumba. Kuna kiini kidogo, ndicho kinaota tukipanda. Na kuna ile sehemu kubwa nyeupe, chakula ambacho kiini kinatumia wakati wa kuota. Mashini kubwa za kusaga zinaondoa ngozi na kiini, zinatuachia sehemu nyeupe tu. Kwa nini wanaondoa kiini? Kwa sababu kina mafuta, na unga yenye mafuta inachacha upesi. Unga nyeupe inakaa siku nyingi mu depo. Ni faida ya muuzaji, haiko faida ya tumbo yetu. Na zile pumba zinaenda wapi? Kwa nguruwe na kuku. Tunalipa bei kubwa ya kile kilichobaki, na nguruwe anakula kile kilichoondolewa!

Musizani ni maneno ya kutunga. Mu miaka ya 1890, munganga mumoja Muholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa ku kisiwa cha Java. Watu kule waliteswa na ugonjwa wa beriberi, ambao unalegeza miguu mupaka mutu anashindwa kutembea. Eijkman akaona kuku waliokula muchele mweupe, uliosafishwa sana, nao wakilegea miguu vilevile. Wakipewa muchele wenye ngozi yake, wakapona. Dawa ilikuwa mu kile kilichotupwa. Mwaka wa 1929 alipewa zawadi ya Nobel juu ya kazi ile.

Karibu na sisi, ku Uganda, Denis Burkitt alipasua wagonjwa miaka mingi ku hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa ya matumbo yaliyojaza hospitali za kwao Uingereza yalikuwa haba kwa watu wa vijiji vya Uganda. Akafikiri sababu moja ni chakula chao ambacho hakikuondolewa nyuzi zake. Haikuwa mafikiri yake yote yalihakikishwa, lakini wanganga wa leo wanakubali hili: wale wanaokula nafaka nzima kila siku hawapatwi mara nyingi na ugonjwa wa sukari na wa moyo kama wengine.

Tena, kuna tofauti ya kutafuna. Punje nzima tunaitafuna sisi wenyewe, na tumbo inaivunja polepole. Unga, mashini imekwisha kuitafuna kwa nafasi yetu. Inaingia mu damu mbio, na njala inarudi mbio. Hata ninyi mumeona: ukikula mandazi mbili ya unga ya ngano asubui, saa ine unatazama mulango tu, masomo haiingii tena.

Lakini tusidanganye. Kusaga hakukuletwa na Wazungu. Bibi zetu walitwanga mu kinu mbele hakuna mashini hata moja. Lakini walichoma pia, walikaranga, walipika punje nzima, na hakuna aliyewacheka. Kisha ikaja kazi ya migodi. Union Minière ilikuwa inagawia wafanyakazi wake posho, na unga ya mahindi ndiyo ilikuwa kubwa ndani yake. Babu zetu waliofanya kazi ku mugodi wa Shinkolobwe mupaka ulipofungwa mwaka wa 1960 waliishi mu desturi ile. Unga ikakuwa alama ya mutu wa mushahara, na punje ikabaki alama ya mutu wa mu pori. Haya yetu imetoka kule.

Na haya ile iko na nguvu. Kule Zambia, mu mwezi wa desemba 1986, serikali iliondoa musaada wake juu ya unga nyeupe wanayoita breakfast, bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Unga ya roller, yenye pumba kidogo, ilipashwa kubaki ya bei ya chini, lakini wenye mashini hawakuisaga ya kutosha. Watu wa miji ya shaba waliingia mu njia kwa hasira, na wengine walikufa. Mimi siwacheki, njala haina muchezo. Lakini tazameni: muji unaotegemea unga ya namna moja tu, siku ile inakosekana, unashika moto. Na sisi hapa, wakati mupaka wa Kasumbalesa unafungwa, si tunalia?

Najua mutanijibu nini. "Makala iko bei!" Ni kweli, mahindi ya kukauka inakula moto masaa. Lakini tukiilowanisha mu maji usiku kucha, inaiva upesi zaidi, na sufuria moja kubwa inalisha wengi. "Mahindi inashika ukungu!" Ni kweli tena. Ku Kenya, mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya ukungu iliua watu 125. Lakini punje nzima mutu anaweza kuichambua kwa macho, na kutupa ile mbaya. Ukungu uliosagwa, nani atauona? Na mahindi peke yake haitoshi mwili: ipikwe na maharagi, ao ikuliwe na sombe na samaki.

Sisemi tuache bukari. Mimi mwenyewe naipenda sana! Daudi, alipotumwa kwa wakubwa zake ku vita, alibeba bisi na mikate pamoja, yote mu safari moja. Ninaomba tu mambo mawili. La kwanza, jikoni ya internati itupikie mahindi na maharagi mara mbili kwa juma, na ku mashini tusagishe pamoja na pumba zake. La pili haliombi feza wala makala: tuache kucheka.

Na wewe, mudogo wangu wa mwaka wa kwanza, unisamehe. Kesho ukuje na kopo yako chini ya muembe. Na mimi nitakuja na yangu.

Mwanafunzi mumoja wa mwaka wa tano