Kukoroma Si Daima Usingizi Mtamu

Katika nyumba zetu mtu anayekoroma huchekwa, au husemwa kwamba kazi zimemchosha na sasa analala fofofo. Kwa maoni yangu mazoea haya yanatuponza. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini mtu akikoroma kwa nguvu, akanyamaza ghafla bila kuvuta pumzi, kisha akashtuka kama aliyekabwa koo, huyo anahitaji daktari.

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine njia ya hewa huziba kabisa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua katika damu, na ubongo humzindua mtu kidogo ili apumue. Kwa aliyezidiwa, jambo hili hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja. Asubuhi hakumbuki lolote. Kichwa kinamuuma, na mchana husinzia kazini, mkutanoni, hata akiwa ameshika usukani. Tena ugonjwa huu huendana na shinikizo la damu na magonjwa ya moyo.

Kwa hiyo shahidi wa kwanza si mgonjwa, bali yule anayelala naye. Mama, usihamie chumba kingine ukanyamaza. Mweleze mzee uliyoyaona, mfuatane hospitali, na daktari ayasikie kutoka kwako. Nanyi akina baba, msiseme mnasingiziwa. Wanawake nao hupatwa, basi mume naye awe macho.

Tiba ipo. Aliye mnene apunguze uzito. Alale ubavu, si chali. Aache pombe, wala asimeze dawa za usingizi bila ushauri wa daktari. Kwa aliyezidiwa ipo mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago cha puani ili koo lisizibe, Dk. Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliieleza mwaka 1981. Mashine hii ni ghali, lakini kulala ubavu na kuacha pombe hakuna gharama, na tunaweza kuanza leo.

Tusiwasahau watoto. Mtoto anayekoroma kila usiku achunguzwe, kwani huenda tonsili zake zimevimba, na mara nyingi zikiondolewa hulala vizuri.

Kabla ya kumwita mwenzetu mvivu kwa sababu anasinzia mchana, tuulize kwanza usiku anapumuaje.