Mnada wa Mtandao Usiwe Kichaka cha Walanguzi

Korosho ya mkulima wa Visiga, au ya jirani yake wa Kisarawe, ikishapimwa katika chama cha msingi na kupelekwa ghalani, haimo tena mikononi mwa mwenyewe. Anachobaki nacho ni stakabadhi na matumaini. Bei huamuliwa na wanunuzi asiowajua, na tangu msimu wa 2024/2025 wanunuzi hao hupeleka zabuni zao kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Hatua hiyo ni ya maendeleo na hakuna sababu ya kuirudisha nyuma. Hata hivyo, chombo kipya hakimbadilishi tabia mtu anayekitumia. Mlanguzi aliyezoea kupanga bei na wenzake chini ya mwembe anaweza kuipanga kwa simu, kisha akaketi mbele ya kompyuta kama mfanyabiashara mwadilifu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulitungiwa sheria mwaka 2005, na katika korosho ulianzia Mtwara msimu wa 2007/2008. Kwa miaka mingi zabuni zilitiwa katika sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima na bei zikasomwa kwa sauti. Sasa mkulima huona orodha kwenye skrini. Kazi imekwenda haraka na mnunuzi aliye mbali amepata nafasi ya kushindana. Lakini nyuma ya jina la kampuni mkulima hajui kuna nani, wala hajui kama kampuni tano anazoziona ni wanunuzi watano au ni mtu mmoja mwenye kofia tano.

Dalili za mchezo mchafu zinafahamika kwa kila aliyewahi kusimamia mnada. Kampuni mbili zinapishana kwa shilingi moja, mnada baada ya mnada. Wanunuzi wanaachiana maghala kwa zamu, huyu leo na yule wiki ijayo, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Kampuni inapanda bei ghafla na kushinda, kisha hailipi. Mzigo unarudishwa mnadani, na mwenye undugu na kampuni ile anauchukua kwa bei ya chini. Wakati mwingine hila hutoka upande wa muuzaji: zabuni ya bandia huingizwa ili kumpandishia bei mnunuzi wa kweli. Hila hiyo huonekana kama inamfaidi mkulima, lakini mnunuzi aliyeumwa mara moja msimu ujao hataonekana.

Taifa limekwisha kuonja uchungu wa mzabuni asiye na fedha. Novemba 2017, katika mnada wa nyumba za Mbweni na Upanga uliofanywa Dar es Salaam na Yono kwa niaba ya Mamlaka ya Mapato, mtu mmoja alizishinda nyumba hizo kwa mabilioni ya shilingi, akashindwa kulipa hata sehemu ya kwanza iliyotakiwa. Watu walicheka, na msemo wake wa “mia tisa itapendeza” ukaenea nchi nzima. Lakini mnada uliharibika, na wanunuzi wenye fedha zao walikwisha kurudi nyumbani.

Mwaka mmoja na ushee baadaye jambo la namna hiyo halikuchekesha tena. Januari 2019 ulitiwa saini mkataba wa kuiuzia kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya tani 100,000 za korosho kwa thamani ya shilingi bilioni 418 hivi. Fedha hazikuonekana, na mkataba ukavunjwa mwaka huo huo. Ikiwa mzigo wa ukubwa huo uliweza kuahidiwa kwa mnunuzi asiyelipa, maghala ya Mkoa wa Pwani hayawezi kudhaniwa kuwa na kinga.

Hata hivyo, haki inataka tahadhari. Bei kuwa ndogo peke yake hakuthibitishi njama. Msimu wa 2017/2018 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei zilizopungua shilingi 3,000, wakulima wakazikataa, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300. Wengi walisema wanunuzi wamekula njama. Lakini ni kweli pia kwamba bei ilikuwa imeshuka katika soko la dunia. Wanunuzi wa korosho ghafi huitazama Vietnam na India, na watu wanaotazama soko moja huweza kufikia bei zinazokaribiana bila kuambizana neno. Anayemwita kila mzabuni mhujumu humfukuza mwema pamoja na mwovu, na ghala likibaki na mnunuzi mmoja, huyo hahitaji njama.

Kwa hiyo tuhuma lazima igeuzwe kuwa ushahidi, na hapa ndipo mtandao unapolishinda sanduku la zamani. Kompyuta hutunza saa ya kila zabuni, akaunti iliyoituma, na mara nyingi hata mahali ilikotumwa. Mwaka 2000 nchini Marekani, mchoro mmoja ulifikia dola 135,805 katika mnada wa eBay kwa kudhaniwa kuwa kazi ya msanii Richard Diebenkorn. Ikabainika kwamba muuzaji mwenyewe alikuwa amepandisha bei. Mauzo yakafutwa, na mwaka 2001 wawili kati ya wahusika wakakiri makosa mahakamani. Nyayo zao zilikuwamo ndani ya mnada wenyewe. Ilitosha mtu kuzifuata.

Sheria ya kuzifuata nyayo hizo hapa nchini ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, kususia soko kwa pamoja na kula njama katika zabuni. Tangu mwaka 2020 sheria inazitaka pia kampuni kuwataja BRELA wamiliki wao wa kweli. Linalotakiwa ni kuziunganisha kumbukumbu hizi. Kabla ya mnada kufunguliwa, majina ya wazabuni yalinganishwe na daftari la wamiliki. Dhamana iwekwe kulingana na tani zinazoombwa, na asiyelipa aipoteze bila mjadala, fedha hizo ziende kwa wakulima waliocheleweshewa malipo. Mzigo ukirudishwa mnadani, aliyeshindwa kulipa na kampuni zote zenye uhusiano naye wasiruhusiwe kuugusa.

Aidha, zabuni zilizoshindwa zitangazwe pamoja na zilizoshinda, kwa Kiswahili, katika ubao wa kila chama cha msingi. Njama ya zamu haionekani katika mnada mmoja. Huonekana mtu anapoiweka minada kumi pamoja na kuisoma. Dalili ikipatikana, ipelekwe kwa maandishi kwa Tume ya Ushindani na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mzabuni aitwe kujieleza kabla ya kuhukumiwa. Na watumishi wa soko na wa ushirika wachunguzwe kwa kipimo hicho hicho, kwa maana zabuni ya siri huvuja tu pale anayeitunza anapoiuza.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam peke yao. Afisa ushirika wa wilaya anayeipokea orodha ya mnada na kuitia kwenye jalada bila kuisoma amemfungulia mlanguzi mlango. Mwalimu wa kijijini, ambaye mara nyingi ana mikorosho michache ya kwake na ndiye anayeombwa kuandika kumbukumbu za mkutano, ana uwezo wa kuwafundisha wanachama kuisoma orodha hiyo na kuuliza kwa adabu: nani alishinda mara iliyopita, alilipa lini, na ana undugu gani na huyu wa leo?

Mkulima ana haki ya kuikataa bei, lakini haki hiyo hudhoofu kila siku inayopita. Januari ikikaribia, sare na madaftari ya watoto vinangoja, na mlanguzi anajua hivyo. Kila wiki inayopotea kwa mzabuni wa uongo humsukuma mzazi kwa mnunuzi wa kangomba anayenunua usiku kwa nusu ya thamani. Wenye dhamana ya kusimamia minada wazifungue kumbukumbu walizonazo na kuzisoma kabla msimu haujaisha, wakati korosho ingali ghalani na malipo ya mkulima yangali yanaweza kuokolewa.