Mgonjwa Hakuziacha Mila Zake Getini

Tunapozungumzia maadili ya wauguzi huwa tunaanzia kwenye yanayoonekana: nani amechelewa zamu, nani hakujaza faili, nani amemtolea mama lugha chafu leba. Hayo ni ya lazima. Hapa tunaongeza jambo ambalo kwa muda mrefu limeachiwa hisani ya mtu mmoja mmoja: kumjua mgonjwa anatoka kwa watu gani, anaamini nini, anaona haya kusema nini. Msimamo wetu ni kwamba muuguzi asiyejishughulisha na hayo hajamaliza kazi, hata kama faili limejaa.

Tuseme mzee mwenye kisukari amelazwa Tanga, na mwezi wa Ramadhani umeshaandama. Faili linaagiza metformini asubuhi na jioni. Muuguzi anampa kidonge, anatia saini, anahamia kitanda cha pili. Mzee amefunga, kidonge kinaishia chini ya mto. Kwenye faili dawa imemezwa. Raundi ikifika sukari iko juu, na daktari anaongeza dozi ya dawa ambayo haijaingia tumboni. Hapo hakuna mvivu wala mkaidi. Amekosekana mtu wa kusema, "Shikamoo babu, umefunga?" Jibu likijulikana kuna la kufanya: daktari anaweza kupanga dawa ifuate futari na daku, au, ikiwa kufunga kunamhatarisha, mzee akumbushwe kwamba dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Pengine atalipokea hilo upesi zaidi likitoka kwa sheikh wake kuliko kwa nesi kijana.

Elimu hii si ngeni kwa wauguzi. Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyesomea anthropolojia, alikwenda kuishi na Wagadsup wa Papua New Guinea miaka ya 1960, akaasisi tawi zima la uuguzi unaozingatia tamaduni. Wataalamu wa menejimenti Christopher Earley na Soon Ang walitoa kitabu chao kuhusu akili ya kiutamaduni, yaani uwezo wa kufanya kazi vizuri na watu wa tamaduni nyingine, mwaka 2003, nyuma yake kabisa. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka mama mwenye uchungu awe na mwenza anayemchagua, na ahimizwe kuchagua mkao wa kujifungua. Anayeomba kuchuchumaa kama mama yake alivyofanya haombi upendeleo.

Lakini hatukubali muuguzi abebeshwe haya peke yake. Wilaya ya Mbulu ina Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, na lugha zao tatu hazisikilizani hata kidogo. Aliyezaliwa Mtwara akapangiwa kazi huko atategemea ndugu wa mgonjwa wamtafsirie, na mara nyingi aliye karibu ni mama mkwe. Mwanamke gani atataja mimba aliyoitoa mbele ya mama mkwe? Muuguzi ataandika "hakuna historia" kwa nia njema kabisa, na kosa hilo si lake.

Waajiri ndio tunaowaambia hapa. Muuguzi mgeni apewe muda wa kufundishwa na wenyeji, wakiwemo wakunga wa jadi, kabla ya kuachiwa wodi usiku. Mkalimani naye alipwe, aape kutunza siri, na jina lake liwemo kwenye ratiba ya zamu pamoja na ya wauguzi.